Kifaru na Mama Mkwe Anayeruka

Paukwa!

Pakawa!

Wa mlangoni sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumekuwa wengi wa kutosha.

Zamani, wakati wanyama walikuwa bado wanaalikana harusini na kula walichopikiwa badala ya kulana, palikuwa na Kifaru mmoja. Jina lake Ndaro. Lilikuwa jina la babu yake, na kabla ya hapo la babu wa babu yake. Kifaru alilipenda. Akipiga hodi mahali, na wenyewe wakauliza "Nani?", hakusema "Mimi." Alisema "Ndaro," kisha akanyamaza kidogo ili jina lipate nafasi.

Kifaru huyo alikuwa na rafiki. Rafiki yake ni Shashi, yule ndege mdogo wa mdomo mwekundu anayekula kupe. Jina lake Mbeyu. Walijuana tangu Kifaru hajaota pembe. Kila asubuhi Shashi anakuja. Prrr! Anatua mgongoni. Hapigi hodi. Anaanza kazi, na kazi ina wimbo wake. Shashi anauliza, Kifaru anajibu:

"Shingoni yuko?"

"Yuko!"

"Sikioni yuko?"

"Yuko!"

"Mkiani yuko?"

"Yuko, yuko, mtoe!"

Tko! Kupe katoka. Tko! Mwingine katoka.

Tena Kifaru haoni mbali. Kwake mti ni kivuli, na kivuli ni mti. Kwa hiyo Shashi akishiba anakaa begani, anamweleza dunia.

"Shimo kushoto, Ndaro."

"Nimeliona."

"Hujaliona. Pita kulia. Na huyo unayemsalimia ni kichuguu."

"Mbona amenyamaza kama mtu mwenye heshima?"

"Twende, mzee."

Ndivyo walivyoishi, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyewauliza nyinyi ni nani kwa nani. Walikuwa marafiki, basi.

Ikaja harusi.

Binti wa Bi Kanga anaolewa na kijana wa kanga wa ng'ambo ya bonde. Mshenga ni Nguchiro. Nguchiro aliwahi kula mayai manne ya nyumba ile ile ya Bi Kanga, lakini hilo lilikuwa kabla ya posa, na siku hiyo hakuna aliyelitaja. Watu walikuja. Walikula. Walikunywa. Kisha ukaja utambulisho.

Utambulisho mnaujua. Anasimama mmoja, anaambiwa yeye ni nani, anapigiwa makofi, anakaa. Anasimama mwingine. Jua lilitoka utosini likashuka begani, na shangazi wa upande mmoja walikuwa bado hawajaisha.

Nguchiro akapanda juu ya kichuguu. Akasafisha koo.

"Upande wa bibi harusi! Mnamwona Bi Mbeyu, Shashi? Yai alimokuwa lilipeperushwa na upepo, likaangukia kwenye kiota cha kanga. Likaatamiwa pamoja na yai alimokuwa Bi Kanga. Joto moja, tumbo moja la manyoya. Bi Mbeyu akatangulia kuanguliwa, Bi Kanga akafuata. Kwa hiyo Bi Mbeyu ni dada mkubwa wa Bi Kanga. Ni mama mkubwa wa bibi harusi!"

Vigelegele! Shashi, aliyekuwa amekaa begani mwa Kifaru, akainamisha kichwa. Akatoa kupe mmoja shingoni mwa rafiki yake. Tko!

"Upande wa bwana harusi! Bwana harusi anaitwa nani?"

"Ndaro!"

"Kwa nini Ndaro?"

"Siku alipoanguliwa," akajibu mama wa bwana harusi, "Mzee Ndaro alikuwa amesimama katikati ya njia yetu. Sikuweza kupita mpaka alasiri. Nikasema basi, tumpe mtoto jina lake."

"Na kwetu sisi," akasema Nguchiro, "wajina wawili ni mtu mmoja. Mzee Ndaro, simama! Huyu naye ni bwana harusi!"

Kifaru akasimama. Vyungu viwili vikavunjika. Watu wakapiga makofi, naye akaona raha, maana jina lake lilikuwa limetajwa mara nne katika muda mfupi.

Nguchiro alikuwa akihesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Akasimamisha vidole hewani.

"Ngojeni. Mzee Ndaro ni bwana harusi?"

"Ni bwana harusi!"

"Na Bi Mbeyu ni mama wa bibi harusi?"

"Ni mama!"

"Basi Bi Mbeyu ni mama mkwe wa Mzee Ndaro."

Watu wakawageukia wale wawili.

"Na amemkalia," akasema Nguchiro.

Shangazi mmoja akaweka bakuli chini.

"Na anakula."

Sasa, kwa wanyama wa kule ukwe haukuwa mchezo. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hamwiti kwa jina. Hali mbele yake, wala mama mkwe hali mbele ya mkwe. Wakikutana njiani, mkwe anaacha njia na kuingia kichakani mpaka mama mkwe apite. Kuhusu mama mkwe kula juu ya mwili wa mkwe, mila haikusema kitu. Waliotunga mila hawakufikiria kwamba ingehitajika.

Shashi alicheka. "Nguchiro, shuka hapo. Mayai yamekupanda kichwani."

Lakini Kifaru hakucheka. Babu yake hakuvunja mila hata moja, na jina lilikuwa lile lile. Akafumba macho. Akageuza uso.

"Nguchiro," akasema, "mwambie mama mkwe ashuke."

"Ndaro!" akasema Shashi.

"Mwambie pia asiniite kwa jina mbele za watu."

Shashi akamtazama. Alimtazama kwa muda wa kutosha kuhesabu kupe kumi. Halafu, prrr! Akaruka akaenda zake.

Siku ya kwanza Kifaru alitoka kwenda mtoni. Akasikia mbawa. Akakumbuka wajibu wake, akaingia kichakani. Pu! Akasimama huko, uso umeelekea shina, mpaka mbawa zikaisha. Akarudi njiani. Akaenda hatua sita. Mbawa tena. Pu! Kichakani.

Tatizo mmeshaliona. Mama mkwe wa watu wengine anatembea kwa miguu. Huyu anaruka. Njia yake ni anga nzima. Na Kifaru haoni mbali, kwa hiyo hakujua mbawa zipi ni za mama mkwe na zipi ni za hua. Akaona afadhali aheshimu zote. Alimkwepa hua. Alimkwepa hondohondo. Alimkwepa nzi mmoja mkubwa. Pu! Pu! Pu!

Siku ya tatu alikuwa amesimama katika kichaka kimoja, macho amefumba, aliposikia sauti ndogo chini ya tumbo lake.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Nani?"

"Digidigi."

"Karibu kichakani, Digidigi. Nampisha mama mkwe."

"Nimekaribia zamani, bwana mkubwa. Hiki si kichaka. Ni nyumba yangu."

Kifaru akafumbua jicho moja.

"Hapo ulipoweka mguu wa nyuma," akasema Digidigi, "ni jikoni."

Siku ya tano vichaka vilikuwa vimepungua mpaka mtu akisimama mtoni anaiona nyumba ya bwana harusi ng'ambo ya bonde. Majirani walianza kununa. Na Kifaru mwenyewe alikuwa na shida yake. Kupe walikuwa wamejua kwamba hakuna anayekuja. Walikuja na jamaa zao. Walijaa shingoni, walijaa kwapani, ndani ya sikio wakakaa kama watu waliojenga. Kifaru akajikuna kwenye jiwe. Krr, krr. Jiwe halijui kupe alipo. Akalala matopeni. Kupe wakalala naye.

Asubuhi akajaribu kuimba peke yake.

"Shingoni yuko?"

Akangoja.

"Yuko," akajijibu.

Haukuwa wimbo tena. Ilikuwa taarifa tu.

Akapungua. Mbavu zikaonekana. Akatumbukia kwenye shimo lile la kushoto, ambalo lilikuwa pale pale miaka yote, akakaa ndani nusu siku. Akaanzisha mazungumzo na kichuguu, wakakaa wote wawili mpaka jua likawa kali, na hakuna aliyekuja kumwambia twende, mzee. Hapo ndipo alipojua kwamba hakuna kupe aliyemuuma kama kile kimya cha begani.

Akamwita Nguchiro.

"Nguchiro, nimechoka. Kamwambie mama mkwe hivi: mkwe wako anakusalimu, anaumwa sikio."

Nguchiro akageuka. Shashi alikuwa tawini, hatua tatu kutoka hapo. Alikuwa hajaenda mbali tangu harusi.

"Mama mkwe," akasema Nguchiro, "mkweo anakusalimu, anaumwa sikio."

"Nimesikia, si kiziwi," akasema Shashi. "Mwambie hilo sikio nalijua kuliko yeye. Mwambie jana nilikula kupe wa nyati, wana ladha ya soksi."

Soksi zilikuwa bado hazijatengenezwa, lakini Nguchiro aliufikisha ujumbe kama ulivyo.

"Mwulize," akasema Kifaru, "kama hakuna namna."

"Mwambie namna ipo. Afumbue macho, aache ujinga, mimi nishuke nifanye kazi."

"Mwambie siwezi. Mimi ni Ndaro."

Shashi akageuza mgongo tawini. Nguchiro, aliyependa sana kupeleka maneno, akaenda zake mikono mitupu.

Majirani wakaitisha kikao. Kila mtu alikuwa na neno. Bi Kanga akasema harusi ya mwanawe imeingia mkosi. Nyati akasema Shashi anamtafuna kwa hasira, na yeye hakukosa kitu. Mtu mmoja akapendekeza Kifaru azibwe macho kwa jani la mgomba, na Shashi ale akiwa amefumba yake. Wakajaribu papo hapo. Shashi akadonoa puani. Kifaru akaruka, akaangukia mahali pale pale pa Digidigi, ambaye alikuwa ameshasimamisha nguzo mbili.

Pu!

Digidigi akatoka chini ya nguzo. Akajikung'uta. Hakuwa mtu wa kusema kikaoni.

"Naomba kuuliza," akasema. "Bwana mkubwa na yule bwana harusi, mmeunganishwa na nini?"

"Jina," akasema Kifaru.

"Damu je?"

"Hakuna. Yeye ni kanga."

"Jirani?"

"Anakaa ng'ambo ya bonde."

"Kwa hiyo ni jina tu?"

"Ni jina tu."

"Basi livue," akasema Digidigi. "Mimi nimejenga mara tatu wiki hii."

Kulivua jina! Watu huvua ngozi, huvua gamba, nyoka anavua kila mwaka na hakuna anayemsema. Lakini jina?

Kifaru aliinamisha kichwa mpaka pembe ikagusa ardhi. Alimfikiria babu yake, na babu wa babu yake. Akafikiria milango yote aliyowahi kupiga hodi, na jinsi jina lilivyokuwa linaingia kabla yake na kukaa. Halafu kupe mmoja akasogea ndani ya sikio, na Kifaru akageuka upande aliodhani Shashi yuko. Aligeukia upande usio wenyewe. Alimtazama Bi Kanga.

"Mleteni bwana harusi," akasema.

Kijana wa kanga akaletwa.

"Unaitwaje?"

"Ndaro, mzee."

"Chukua lote. Kuanzia leo ni wewe peke yako. Litunze. Ukisema jina lako mlangoni, nyamaza kidogo baadaye."

Hivyo Kifaru akatoka kikaoni bila jina.

Mtadhani mambo yakaisha hapo. Hayakuisha. Kesho yake alibeba nguzo sita za kumjengea Digidigi. Akafika. Akapiga hodi.

"Nani?" akauliza Digidigi kutoka nyuma ya magogo.

Kifaru akafungua mdomo. Akaufunga. Akafikiri.

"Sijui," akasema.

"Sijui hatumpokei," akasema Digidigi, maana kwa sauti ile hakumtambua. Kifaru akaziweka nguzo chini taratibu akaondoka.

Shashi alikuwa ameona yote. Prrr! Akashuka. Mdomo ulikuwa umeshalikaribia lile sikio, ndipo Nguchiro akatokea.

"Bi Mbeyu! Subiri!"

"Wewe huna kazi?"

"Ukwe umekwisha, nakubali. Lakini huyu sasa hana jina. Asiye na jina hana ukoo. Hajazaliwa, kama tunafuata mila. Au ameshakufa. Na ndege anayekula juu ya mwili usio na jina anaitwa nani?"

Shashi akasogea hatua moja kuelekea sikioni.

"Anaitwa tai," akasema Nguchiro.

Kwa Shashi hilo lilikuwa tusi kubwa. Yeye anakula kupe, hali maiti. Manyoya yote yalimsimama.

"Kumbe hajazaliwa?" akauliza.

"Kwa mila, bado."

"Na mtoto akizaliwa, nani anampa jina?"

"Mama yake."

"Na mama akimtoa mtoto wake kupe, kuna anayeuliza?"

Nguchiro akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Akashusha mkono.

"Hakuna," akasema.

"Basi waite watu. Nina mtoto."

Watu wakaja. Bi Kanga akapika uji wa mzazi, na Shashi akanywa matone matatu kwa sababu ndiyo nafasi aliyokuwa nayo tumboni. Wakamwuliza uchungu ulikuwaje. Akasema ulimchukua siku kumi na moja, na hakudanganya.

Ila ilibaki kazi moja. Mtoto hapewi jina mpaka atolewe ndani ya nyumba, abebwe, avushwe kizingiti. Kifaru hakuwa na nyumba. Wakachukua zile nguzo sita na majani wakamjengea nyumba akiwa amesimama ndani. Kisha wakamshika ili wambebe. Nyati akashika mbele, ngiri watatu wakashika nyuma.

"Moja, mbili, tatu!"

Mtoto hakusogea.

"Moja, mbili, tatu!"

Ngiri mmoja alisogea. Mtoto, hapana.

"Ana afya," akasema Bi Kanga.

Digidigi akamtazama mtoto. Akatazama nyumba. Nyumba ilikuwa nyepesi.

"Kama mtoto hatoki ndani ya nyumba," akasema, "nyumba itoke kwa mtoto."

Wakaishika nyumba. Moja, mbili, tatu! Nyumba ikainuka juu ya Kifaru, kizingiti kikampita miguuni, naye akabaki amesimama juani kama mtu aliyetolewa nje kwa mara ya kwanza. Vigelegele! Nyumba yenyewe hawakuiweka chini. Waliibeba moja kwa moja mpaka kwa Digidigi, wakaisimika, akaingia, akafunga mlango.

"Sasa jina," akasema Nguchiro. "Tafadhali, lisiwe la marehemu mume wako, Bi Mbeyu, maana huyu atakuwa mume wako na tutaanza upya. Lisiwe la baba yako. Lisiwe la mtu yeyote aliyepo hapa."

Shashi akatua juu ya pembe. Akamtazama yule mnyama, mbavu, mikunjo, matope. Wote walingoja jina kubwa kwa mtoto wa aina hiyo.

"Anaitwa Kidogo," akasema.

Watu wakatazamana. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina hilo katika bonde zima.

"Kidogo," akarudia Kifaru polepole. Alilijaribu mdomoni. Lilikuwa jepesi, na baada ya kulisema hapakuwa na haja ya kunyamaza.

Shashi akatembea kutoka juu ya pembe mpaka kwenye sikio. Akaingiza kichwa. Tko! Kifaru akafumba macho, na safari hii hakuwa akimkwepa mtu. Tko! Tko!

Chini, Nguchiro alikuwa ameshaanza vidole vyake.

"Subirini kidogo. Kama Bi Mbeyu ni mama yake, na Bi Kanga ni mdogo wa Bi Mbeyu, basi bibi harusi ni dada yake. Bwana harusi ni shemeji yake. Sasa, mama wa shemeji..."

"Mama," akasema Kifaru bila kufumbua macho.

"Sema, mwanangu," akasema Shashi ndani ya sikio.

"Kuna mtu ananisumbua."

Shashi akatoa kichwa nje. Mdomoni ameshika kupe mnene.

"Nguchiro," akasema, "niachie mtoto wangu alale."

Na Nguchiro akaenda, maana mtoto wa mtu hasumbuliwi mbele ya mama yake. Hiyo nayo ni mila.

Jambo lenyewe ni hili, wakubwa kwa wadogo. Ukikaa chini ukahesabu undugu kwa bidii, kila mtu ni kitu fulani kwa kila mtu. Huyu ni mkwe wako, huyo huyo ni mwanao, na kesho atakuwa shemeji. Yote ni kweli. Basi, katika huo undugu wote, shikeni ule unaowaruhusu kuendelea kukaa pamoja, hata kama itawagharimu kitu mlichokuwa mnakionea fahari.

Mimi hadithi nimefika mwisho wake, naiacha hapa. Aliyekaa karibu na mlango atufungulie, tutoke.